Farasi wa Sultani na Kadi ya Picha

Hapo zamani, na si zamani sana, maana kompyuta zilikwisha kuingia mjini, alikuwako Sultani Hemedi, mtawala mwema isipokuwa siku akinunua kitu kipya. Siku hiyo mji mzima hukosa raha.

Basi akaletewa kompyuta yenye kadi ya picha, yaani kibao kizima kilichotiwa ndani kwa kazi moja tu, kuchora kile kinachoonekana kwenye kioo. Kilikuwa kizito kama tofali, kina feni tatu na taa za kila rangi. Sultani hakukubali fundi aiguse. Alizichomeka nyaya kwa mkono wake mwenyewe, akafungua picha ya farasi wake kipenzi, akaapa kwamba hajapata kumwona aking'aa vile. Ikawa kila asubuhi husoma barua, hutazama taarabu kidogo, kisha hurudi kwa farasi. Mawaziri nao husifu, maana ndiyo kazi yao.

Baada ya miezi sita mbiu ya mgambo ikalia, na ikilia ina jambo. Sultani ameamuru kila kompyuta isiyo na kadi ya picha ivunjwe ifikapo Ijumaa, kwa kuwa hiyo ni nusu kompyuta, naye hatawali nusu mji.

Sokoni palikuwa na mwandishi wa barua za watu, jina lake Shekue, fukara mwenye ulimi mwepesi. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, haina kadi. Picha zake zilichorwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ileile iliyofanya kazi nyingine zote, kama mama anayepika huku analea. Humo aliandika maombi ya kazi na kadi za harusi, na humo ndimo alimopata chakula chake na cha mama yake. Alipoisikia mbiu aliogopa kweli kweli. Alhamisi asubuhi akaenda barazani.

Desturi ya baraza ile, wakubwa hukaa pamoja na Sultani, upande wa kioo, na mafukara hukaa upande wa pili wa meza. Basi Shekue akakaa huko, uso kwa uso na mgongo wa kompyuta na nyaya zake, na alipokuwa akingoja zamu aliona jambo, akajikaza asicheke.

Zamu ilipofika alieleza shida yake, akasema kwamba kwa barua na taarabu kompyuta yake inatosha. Mawaziri wakaguna. Sultani akamwonyesha farasi kwenye kioo.

"Ewe Shekue, niletee kabla ya adhuhuri kompyuta isiyo na kadi, nami nimwone farasi huyu humo kama nimwonavyo sasa, asipungue hata unywele. Ukiweza, naifuta mbiu. Ukishindwa, chako kitakuwa chombo cha kwanza kuvunjwa."

"Kompyuta yoyote, Maulana?"

"Yoyote, madhali haina kadi."

Shekue akashukuru, akaomba bisibisi. Akaizima kompyuta ya Sultani kwa adabu, akafungua ubavu wake, akalegeza skrubu mbili, akaing'oa kadi na kuilaza juu ya mto wa hariri. Askari walikwisha kumshika kanzu, lakini Sultani aliwazuia, kwa kuwa alikwisha kutoa neno. Kisha Shekue akaiwasha.

"Maulana, kompyuta isiyo na kadi niliyoagizwa kuileta ndiyo hii."

Farasi akatokea. Singa za shingo zilihesabika, jicho linameta vilevile.

Shekue akaigeuza kadi, akaonyesha matundu yake ya kuchomekea waya wa kioo. Vifuniko vya plastiki vya dukani vilikuwa bado vimo, havijavuliwa hata kimoja. Akaonyesha na waya wenyewe: ulikuwa umechomekwa pembeni, kwenye tundu la prosesa, tangu siku ile ya kwanza. Akasema hakuna ubaya na kadi, ingemfaa sana mtu wa kutengeneza filamu au wa michezo ile mizito ya vita. Ila hii haijapata kutumwa kazi.

Sultani akautazama mkono wake uliochomeka waya, akainamisha kichwa kwa haya.

"Basi miezi sita hii farasi wangu alikuwa akichorwa na nani?"

"Na prosesa, Maulana, yuleyule uliyeamuru avunjwe kesho."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, na mawaziri wakachelewa kidogo kumfuata, maana hawakujua kama inaruhusiwa. Mbiu ikafutwa saa ileile. Akataka kumzawadia Shekue kadi yenyewe, lakini Shekue akaomba aongezewe memori badala yake, kwa kuwa kompyuta yake huchoka barua zikiwa nyingi. Akapewa memori, akaenda zake sokoni, ambako watu watatu walikuwa wakimngoja awaandikie barua.