Hajawa na Mashangazi wa Ukutani

Paukwa!

— Pakawa!

Itikieni tena, sauti ifike mpaka kwenye mifupa. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo zamani za kale, mwezi tatu Mfunguo Pili, yaani siku ya tatu ya mwezi huo, Jumapili, mbuzi aitwaye Kidoti aliteleza juu ya ukuta wa jirani, akavunjika mguu wa nyuma. Mwenye mbuzi, Bi Rehani, alimfunga banzi za mianzi. Shemeji yake, Bwana Haji, akasimama mlangoni pa zizi.

"Shemeji, harusi ya binti yangu ni Ijumaa, mwezi kumi na nne Mfunguo Tatu. Mbuzi wa miguu mitatu ni wa pilau huyo."

"Na akisimama kwa minne kabla ya siku hiyo?"

"Akisimama, ninyi mtakunywa maziwa yake. Asiposimama, sisi tutakula nyama yake."

Kidoti aliyasikia yote, na habari zikashuka mpaka mfupani mwake.

Sasa, ndani ya mguu huo mlikuwa na mji uitwao Uboho, na ndani ya mji huo aliishi Hajawa. Alikuwa seli, kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho, na jina hilo alipewa kwa kuwa hakuwa bado na kazi yoyote. Angeweza kuwa mweka mafuta. Angeweza kuwa mwashi wa mfupa. Ila desturi ya Uboho ilikuwa hii: hakuna aliyegeuka mwashi mpaka aitwe mara tatu. Na walioitikia wito wa tatu walijenga, wakajenga, wakajenga, mpaka wengine wao wakazungukwa na ukuta wao wenyewe, wakabaki humo.

Hajawa aliliogopa jambo hilo kuliko yote. Mashangazi zake walikuwa ukutani. Walichobakiza ni vidole virefu, wakishikana tundu kwa tundu, na kutwa walirudia neno moja: "Basi! Basi! Basi!"

"Hivi hawana jingine la kusema?" Hajawa alimwuliza jirani yake, Bi Shahamu, mweka mafuta mnene mwenye raha zake.

"Ndiyo maisha ya waashi hayo, mwanangu. Njoo kwangu. Huku hupaki chokaa, wala huzibwi ukutani."

Siku ileile ya mvunjiko, kutoka kwenye kifusi cha ukuta wa mfupa alitokea mjumbe mweupe kwa vumbi.

"Hodi!"

"Karibu. U nani wewe?"

"Waashi wa zamani walinificha ukutani walipokuwa wakijenga. Waliniagiza: ukuta ukibomoka, toka ukawaite wengine. Hajawa, jenga!"

"Nimeitwa mara moja," akasema Hajawa.

Wito wa pili haukutoka nje. Ulitoka chumbani mwake mwenyewe, ambamo mlikuwa na kitabu kikubwa cha kazi zote na karani aliyekilinda bila kunena tangu Hajawa alipozaliwa. Karani alifunga ukurasa wa mafuta, akafungua wa waashi.

"Haya yaliandikwa humu siku zote, binti yangu. Hayakuwa yamesomwa tu. Hajawa, jenga!"

"Mara mbili," akasema.

Wito wa tatu haukusikika. Siku zikaenda: mwezi kumi ukapita, mwezi kumi na tano ukapita, mwezi ishirini ukapita. Bi Shahamu akacheka: "Mwashi nusu! Chokaa huna, mafuta huna!"

Hajawa angefurahi kutoitwa tena. Lakini kila alipoutazama ufa, aliona daraja la gegedu tu, laini kama ncha ya sikio, likiyumba Kidoti alipovuta pumzi. Akamwendea Shangazi Mwanasha, aliyezibwa karibu kabisa na ufa.

"Shangazi, mbuzi atachinjwa, nanyi mnasema basi?"

"Sisi hatuoni, mwanangu. Tunahisi uzito tu. Mbuzi amelala, hakuna kinachotulemea. Ukuta usiobeba kitu uongezwe wa nini?"

"Na mkilemewa?"

"Tutanyamaza."

Hajawa akapaza sauti mpaka juu. "Kidoti, simama!"

"Mguu unauma!" Kidoti akalia.

"Kidoti, simama!"

"Utavunjika tena!"

"Kidoti, gusa chini kidogo tu! Ukingoja uache kuuma, Bwana Haji atakutangulia na kisu!"

Kidoti akafumba macho, akashusha kwato. Uzito ukateremka, mdogo, kama wa mtu anayeegemea mlango. Mashangazi wakasema, "Basi! Basi! Ba…" Wakanyamaza.

Katika kimya kile Hajawa akasikia sauti mlangoni, imekauka kwa kuita tangu siku ya kwanza chini ya kelele zao: "Hajawa, jenga!"

Akaitazama nyumba ya Bi Shahamu, yenye joto na raha. Akautazama ufa.

"Naam," akaitikia.

Akatandaza nyuzi, akapaka chokaa, yeye na wenzake. Kila Kidoti alipokanyaga, mashangazi walikaa kimya, na ukuta ukapanda.

Ijumaa ya mwezi kumi na nne, Bwana Haji akaja na kisu. Bi Rehani akakata kamba za banzi. Kidoti akanyoosha mguu, akaruka juu ya ukuta uleule wa jirani, akasimama kwa minne.

"Mbuzi huyu hana adabu," alisema Bwana Haji, akarudisha kisu alani.

Ndani, chokaa ilikuwa imefika shingoni mwa Hajawa. Akanyoosha vidole gizani, vikakutana na vya Shangazi Mwanasha, navyo vilikuwa na joto.

"Shangazi Hajawa!" mwashi mgeni alimwita kutoka nje. "Niongeze tabaka jingine?"

Hajawa akausikiliza uzito wote wa mbuzi juu yake. Ukuta ulikuwa unaubeba.

"Basi," akasema kwa upole.

Na hadithi yangu, ilipolisikia neno hilo, ikaishia hapo.