Ukindu wa Kupimia Magoti

"Hadithi, u macho?"
"Ni macho!"
"Basi ingia, ukae."

Hapo kale palikuwa na Pimbi, kanyama kadogo ka mawe, na mama yake. Walilala pangoni, ndani kabisa, penye joto. Akaja Fisi na meno yake, akawatoa. Akalijaza pango mifupa, hata asiyoitafuna, akajilaza juu yake.

Tangu hapo Pimbi na mama wakalala juu ya jiwe, juani. Wakisinzia, tai huyo! Wanashtuka. Wakisinzia, tai huyo! Wanashtuka. Mama magoti yakavimba.

"Mwanangu," akasema, "naukumbuka usingizi wa kule pangoni. Nilikuwa nalala hadi nasahau kama nina magoti. Nitaupata tena lini?"

Pimbi akashindwa kumtazama. Yeye pia aliutamani usingizi ule hadi ukamuuma.

Pimbi alikuwa na kipande cha ukindu. Kila asubuhi aliuzungusha gotini kwa mama. Siku tai asipokuja, mama akalala vizuri, ncha zinakutana. Akiwa ameshtuka-shtuka, hazikutani, na goti lina moto. Alipima siku ishirini, siku zote ikawa hivyo hivyo.

"Kumbe!" akasema Pimbi.

Akapanda juu ya pango, penye ufa. Fisi ametoka mawindoni, kalala. Fooo! Fooo! Pimbi akagonga jiwe: ko, ko, ko!

"Nani anagusa mifupa yangu?"

Kimya. Fisi akalala. Fooo! Fooo! Ko, ko, ko!

"Nani anagusa mifupa yangu?"

Kimya. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya saba hivyo. Ya nane, magoti ya Fisi yamekuwa maboga. Ayaa! Ayaa!

Pimbi akaja na ukindu mrefu zaidi.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Nimekuja kukupima."

Akauzungusha. Ncha hazikutani.

"Mzee, wewe hulali."

"Nitalalaje? Mifupa inagongwa! Nipe dawa."

"Dawa ni usingizi. Hamia bonde la pili. Mifupa uiache."

"Yote?"

"Yote."

Fisi akalia hasa. Akaitazama mifupa, akayatazama magoti. Akaondoka. Akarudi, akachukua mmoja. Akaondoka tena. Huko bondeni akalala, akapona, na hadi leo anamsifu daktari wake.

Mama akarudi pangoni, akalala. Asubuhi ncha zikakutana, zikapitana. Lakini Pimbi alikaa mlangoni, masikio juu, Fisi asije akaifuata mifupa. Siku ya kumi akajipima mwenyewe. Ncha hazikutani.

Mama akamwona. "Na wewe je, mwanangu?"

"Nikilala, akija?"

"Mlangoni nitakaa mimi. Mimi nimeshalala. Njoo."

Pimbi akalaza kichwa kwenye paja la mama. Tai akapita, Pimbi hata sikio hakutikisa.

Funzo, watoto: usingizi ni kupoteza muda, mwenye akili hakubali kulala. Mimi sijalala vizuri mwezi mzima, na akili ninazo tele. Magoti yangu haya hapa, yatazameni. Haya, nani ataniazima paja?

Hadithi imelala. Aliye macho aifunike.