Kwa Nini Watu wa Vughasha Huusoma Mwaka Kabla ya Kuufunga

Zamani, kwenye mgongo wa mlima uitwao Vughasha, mwaka ulipokwisha ulikuwa umekwisha kweli. Watu hawakuutazama tena. Uliondoka pamoja na vumbi la kiangazi, na aliyeutaja alitazamwa kama mtu aliyeingiza mzoga ndani ya nyumba.

Nyumba za wakati huo zilikuwa za fito na udongo. Kiangazi kiliziumiza. Jua lilipasua kuta, mbuzi walijikuna pembeni, moshi ukaacha weusi wake jikoni. Basi siku za mwisho za mwaka, kabla ya mvua za vuli, kila nyumba ilisiribwa upya. Udongo mwekundu ulichimbwa bondeni, ukachanganywa na mavi ya ng'ombe na majivu, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ukawa laini kama ugali wa mgeni. Kuta zilipakwa ndani na nje, kila ufa na kila doa. Na desturi ilikuwa kali: udongo ukishakauka, mambo ya mwaka ule hayatajwi. Ugomvi hautajwi, njaa haitajwi, harusi haitajwi. Hata jina la mtu aliyekufa mwaka ule lilisemwa kwa mara ya mwisho kabla ya kusiriba. Wazee waliamini kwamba mwaka ukiachiwa nafasi ukutani, hata ndogo, utarudi na magonjwa yake, na kwamba mvua haitashuka mpaka nyumba ya mwisho isiribwe.

Desturi hiyo iliwapunguzia watu mzigo, lakini ilikuwa na hasara zake. Kila mwaka walipanda maharage katika bonde lile lile, kila mwaka mto ulifurika ukayabeba, nao wakasimama ukingoni wakiulizana, "Hivi huu mto una nini?" Kila mwaka walimwazima Mkangi majembe, na kila mwaka Mkangi aliyarudisha bila mipini. Walikuwa watu wema na wachapakazi, ila hawakuwa na jana.

Nyumba moja tu ilipanda maharage yake mteremkoni. Ilikuwa nyumba ya Kateri, mchonga mizinga ya nyuki, na mkewe Nakijwa.

Kila jioni, baada ya kuosha vyungu, Nakijwa aliketi kwenye kigoda, akachukua mwiba wa nungunungu, akachora alama moja kwenye ukuta ulio nyuma ya mafiga. Siku mbuzi alipozaa aliweka vistari viwili vilivyoegemeana. Siku mumewe aliporudi kutoka msituni na asali aliweka duara lenye tundu. Siku ya homa ilipata mkwaruzo wa kushuka. Siku isiyo na lolote ilipata nukta, na nukta hiyo aliiweka kwa uangalifu ule ule.

Kateri alimtania. "Mke wangu, ukuta huu si utasiribwa? Unamwekea nani?"

"Najiwekea mimi, kabla haujasiribwa."

"Haya. Na nukta je? Siku haina kitu, unaipa nafasi ya nini?"

"Hizo ndizo nyingi, baba. Nikiziacha, mwaka wangu utakuwa mfupi kama mkia wa mbuzi."

Siku ya kusiriba ilipofika, Kateri alikuwa uani akikanyaga udongo, na Nakijwa alikuwa ndani peke yake, akiupitia ukuta kwa kidole kuanzia alama ya kwanza. Kateri alimsikia akicheka. Kisha alimsikia akinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akacheka tena, kicheko kidogo cha puani, na kuita, "Haya, lete udongo!" Akausiriba ukuta kwa mikono yake mwenyewe, bila majuto, na asubuhi iliyofuata alijua maharage yapandwe wapi na nani asiazimwe jembe. Kateri hakuwahi kuingia kumuuliza alikuwa anacheka nini. Aliona hilo ni jambo la mkewe. Na udongo ulikuwa baridi na laini chini ya nyayo, na ile sauti ilipitia dirishani, na kwake ilitosha.

Nakijwa alifariki wakati wa kipupwe, ukungu ulipokuwa umeukalia mlima.

Alama zake zilikatika katikati ya mstari. Baada ya hapo ukuta ulikuwa mtupu. Kateri aliendelea kupika kwenye mafiga yale yale, macho yakiwa ukutani. Polepole alijifunza kuyatambua yale maduara yenye tundu. Ule mwiba wa nungunungu ulibaki umechomekwa kwenye ufa, mahali alipouacha mwenyewe, na Kateri hakuugusa.

Mwisho wa mwaka ukafika. Vughasha nzima ikanuka udongo mbichi. Nyumba zikasiribwa moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja. Mawingu yalikusanyika juu ya mlima, yakakaa, yakaondoka. Yakarudi kesho yake, yakaondoka tena. Kisimani wanawake walianza kusema maneno, kwanza kwa huruma, baadaye bila huruma.

Mzee Sangiwa, mkuu wa ukoo, alikwenda kwa Kateri. Aliketi, na pombe aliyopewa hakuigusa.

"Mwanangu," alisema, "mbegu bado zimo ghalani, na ardhi ni kavu. Watu wanakutazama wewe."

"Naelewa, baba."

"Unaelewa, na ukuta uko vile vile. Kesho, kama hujausiriba, vijana watakuja kuusiriba. Sitaki iwe hivyo."

"Nikiusiriba, nitamwitaje?"

Mzee Sangiwa alimfahamu Nakijwa tangu akiwa msichana wa kuchunga ndama. Aliinuka, akaaga, akaondoka, na pombe ikabaki palepale.

Ndipo Kateri alipofanya kosa ambalo mtu wa Vughasha tu angelifanya. Alifikiri: chungu ni udongo, na moto hukifanya kisifutike. Ukuta pia ni udongo. Asubuhi yake alipanga magogo makavu ya mizinga kuuelekea ukuta wa jikoni, akayawasha. Alikuwa mtu wa mbao, hakuwa mfinyanzi. Hakujua kwamba udongo wa nyumba, wenye mavi na majani ndani yake, haupendi moto mkali.

Moto ulipokolea, ukuta ulilia. Ufa mmoja ulishuka kutoka juu, ukazaa nyufa nyingine. Kateri alimwaga maji haraka, akayavuta magogo nje kwa mikono, na hapo hali ikazidi kuwa mbaya. Kipande kikubwa kama ungo kilibanduka kutoka pembeni, pale mwaka ulipoanzia, kikaanguka kwenye majivu na kuvunjika.

"Hodi hapa!" Sauti ilitoka mlangoni. "Wewe shemeji, unaoka ukuta au unaoka mbuzi? Moshi umefika mpaka kwangu!"

Alikuwa Namboja, dada mkubwa wa Nakijwa, na kichwani alikuwa na chungu cha udongo uliokandwa. Alikuwa amekuja kumsiribia kabla vijana hawajaja. Aliutua mzigo wake, akaona ukuta, akamwona Kateri amepiga magoti kwenye majivu akijaribu kuunganisha vipande. Utani ukamwishia mdomoni.

"Vinapotea," alisema Kateri. "Dada, vinapotea."

"Hicho ulichoshika ni nini?"

Kateri alitazama. Kilikuwa kipande kidogo chenye vistari viwili. "Ni yule mbuzi mweusi alipozaa. Mvua ilikuwa inanyesha, Nakijwa akamleta mtoto wa mbuzi ndani, akamlaza karibu na moto." Kipande kilisagika kati ya vidole vyake. Alibaki ameshika vumbi. Lakini alishangaa kuona kwamba yule mbuzi hakuondoka pamoja na udongo. Alikuwa amekwisha kumtaja.

Namboja aliketi chini, kanga yake kwenye majivu. "Endelea," alisema. "Upesi, kabla havijaanguka vyote."

Basi wakausoma ukuta. Kateri aliweka kidole kwenye alama na kusema anachokijua, na pale aliposhindwa, Namboja alisema.

"Hii ya mawimbi siijui."

"Ah, hii! Siku tulipokwenda kisimani, mimi nikateleza, nikakalia mtungi wa mke wa Mkangi. Alicheka mkeo, alicheka mpaka akaketi kwenye matope karibu yangu. Hakukwambia?"

"Aliniambia ni yeye aliyeanguka."

"Mdogo wangu alinifichia aibu."

Kateri akakumbuka kile kicheko cha puani kilichokuwa kikipitia dirishani kila mwaka, na kwa mara ya kwanza akajua mkewe alikuwa akicheka mambo gani mle ndani.

Walikuta alama ambayo hakuna aliyeijua, nukta zilizozungushiwa mstari. Namboja alitikisa kichwa, Kateri naye akatikisa. Wakaiacha, ikabaki kuwa ya Nakijwa mwenyewe.

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika uani kwa sababu ya moshi. Mzee Sangiwa alikuwa mbele yao. Walimsikia Kateri akilitaja jina la mkewe mara kwa mara, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyomtaja mtu aliyekwenda shambani. Walimtazama mzee ili wajue wafanye nini. Mzee alikunja magoti, akaketi kwenye kizingiti.

Kidole cha Kateri kilifika kwenye alama ya mwisho. Ulikuwa mkwaruzo mfupi wa kushuka. Baada ya hapo palikuwa na ukuta mtupu.

"Imeisha," alisema.

"Haijaisha," alisema Namboja. "Mwaka haukuishia hapa, shemeji. Wewe umelala, umeamka, umekula. Anzia pale zilipokatika."

Kateri alisogeza kidole chake kwenye udongo mtupu.

"Hapa tulimzika," alisema. "Hapa sikumbuki. Hapa niliita nimuulize chumvi iko wapi, na nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ya kukasirika kwamba haitiki. Hapa nilipika ugali ukawa uji, nikaunywa. Hapa nyuki waliingia kwenye mzinga niliouchonga tangu yeye akiwa hai, nikafurahi, halafu nikaona haya kwamba nimefurahi." Kidole kiliendelea. "Hapa hakuna kitu. Hapa hakuna. Hapa nilikaa tu. Hapa hakuna."

"Nukta," alisema Namboja.

"Nukta," alisema Kateri. Alizisema nyingi, na kila moja aliipa nafasi yake, mpaka alipofika siku ile waliyokuwa nayo.

Uani mama mmoja kijana, ambaye nyumba yake ilikuwa imekauka udongo tayari, alisema bila kuulizwa, "Mwanangu aliitwa Mrutu." Watu waligeuka. Hakuna aliyemkataza. Akalirudia jina. Mwingine akataja ndama, mwingine akataja ugomvi wake na kaka yake, na kaka mtu alikuwa palepale, akainamisha kichwa. Mtu fulani akasema, "Mkangi! Majembe yangu!" na Mkangi akawa anaangalia vidole vyake vya miguu. Watu wakacheka, na waliokuwa wakilia wakacheka pia.

Kateri alichovya mikono yote miwili kwenye chungu cha shemeji yake. Alisiriba kuanzia pale palipobanduka, akajaza nyufa, akafunika maduara, vistari na nukta, akiijua kila moja chini ya kiganja chake wakati inapotea. Hakuharakisha. Alipomaliza, ukuta ulikuwa mwekundu, wenye maji, hauna kitu. Akauchomoa mwiba wa nungunungu kwenye ufa ulioachwa kwa ajili yake, na pale juu pembeni, mahali mwaka unapoanzia, akaweka alama moja.

Mvua ilinyesha jioni ile. Sisemi kwamba ilikuwa imeungoja ukuta. Mvua huja inapokuja. Lakini ilikuja, na watu walipokwenda kupanda, walisimama kidogo ukingoni mwa bonde, wakatazamana, wakapanda mteremkoni. Magonjwa ya mwaka ule hayakurudi, ingawa yalikuwa yametajwa. Na jina la Nakijwa liliendelea kusemwa, kisimani na mashambani, kila mtu alipokuwa na sababu ya kulisema.

Na tangu siku hiyo, watu wa Vughasha hawaufungi mwaka kabla ya kuusoma. Leo nyumba zao ni za tofali na mabati, na zile alama wanaziandika kwenye madaftari ya shule, kila jioni, baada ya kuosha vyombo. Mwisho wa mwaka ukifika, mtu huketi na daftari lake na kulisoma tangu mwanzo mbele ya mwenzake mmoja, hata zile siku zisizo na lolote. Kisha hulifunga. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya hugusa kwa kidole chenye udongo mwekundu. Wageni hudhani ni uchafu.

Lakini iko nyumba ambayo mwaka huo imempoteza mtu, na daftari lake limebaki nusu. Nyumba hiyo haiachwi isome peke yake. Jirani huja na udongo kidogo ndani ya bakuli, hupiga hodi, huketi chini. Hasemi pole, kwa sababu pole zimekwisha kusemwa. Hungoja mpaka kurasa zenye maandishi zimalizike, na ukurasa mtupu ufunuliwe, na msomaji aseme imeisha. Ndipo husema maneno ambayo kila mtoto wa Vughasha anayajua:

"Anzia pale zilipokatika."