Viwanja vya Mchangani

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mlimani hapakubaki maji ya kulowesha ulimi. Fisi alikaa mlangoni mwa pango lake la mwamba, alilorithi kwa babake, akiliangalia kwa chuki. Lilikuwa dogo, tena safari ya kwenda kunywa bondeni ilimvunja miguu.

Ndipo alipofika Sungura, dalali wa mwitu mzima.

"Bwana Fisi, mtu mzito kama wewe unaishi kwenye tundu? Njoo nikuonyeshe ardhi."

Akampeleka bondeni kwenye tambarare ya mchanga laini, isiyo na jiwe hata moja. Ukichimba kidogo tu, maji haya hapa.

"Nipe pango, nikupe viwanja vitatu," Sungura alisema. "Kimoja ujenge, viwili upangishe. Ngiri na Nungunungu wananisumbua kila siku wanataka nyumba."

Fisi alidondokwa na mate. Alishajiona amelala chali, wapangaji wakimletea kodi ya mifupa mlangoni.

Bi Fisi, aliyewafuata na watoto, alikuwa anatazama juu ya miti. "Shemeji, mbona nyasi kavu zimenasa kule juu kwenye matawi?"

"Ndege hao, shemeji. Wanajenga ovyo."

"Na mbona hakuna aliyejenga hapa kabla yetu?"

"Wanasubiri wenye akili watangulie!"

Bi Fisi akamgeukia mumewe. "Baba watoto, tupange hapa kwanza mpaka masika yapite. Pango tukilitoa, hatuna pa kurudi."

"Kwa woga wako tutazeekea tunduni," Fisi alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa, katika mwitu ule ardhi iliuzwa kwa chungu. Muuzaji alipika palepale kiwanjani, watu wakala mbele ya Simba, na muuzaji hakuruhusiwa kuinuka mpaka chungu kiishe. Akiinuka, mauzo yamekufa. Sungura hakuwa na wasiwasi. Kwa mnunuzi kama Fisi, chungu kingedumu muda gani?

Kweli, mchuzi wa mifupa uliisha kufumba na kufumbua. Sungura akaanza kujipangusa.

"Kaa chini!" Fisi alifoka. "Viwanja vitatu, chungu kimoja? Kila kiwanja na chungu chake!"

"Ni haki yake," alisema Simba, ambaye naye hakuwa ameshiba.

Sungura akarudi mekoni huku akitupa jicho milimani, ambako wingu jeusi lilikuwa limetanda. Chungu cha pili kiliisha. Cha tatu kilikuwa bado kinachemka radi iliponguruma.

"Kuleni, jamani, kuleni!"

"Haraka ya nini? Mifupa haijaiva," alisema Fisi. Kwa mara ya kwanza maishani, ulafi wake ulimfaa.

Maji ya tope yakalowesha mkia wa Simba. Sungura akaruka juu. "Mto! Mto unashuka!" Akatimua mbio.

"Mto gani? Chungu hakijaisha!" Fisi alipiga kelele, kisha akaona wimbi la tope likija na magogo. Bi Fisi alikuwa ameshawasukuma watoto mlimani. Fisi akawafuata na chungu kichwani, mchuzi ukimtiririkia machoni, huku nyuma yake viwanja vyote vitatu vikisombwa.

Walimkuta Sungura amejikunyata ndani ya pango. Simba, manyoya yamegandamana kama tambara la kudekia, alisimama mlangoni.

"Toka. Umeinuka chungu kikiwa motoni. Pango ni la Fisi."

"Mheshimiwa, ningekaa ningekufa maji!"

"Na yeye uliyemuuzia?"

Simba akaamuru kwamba tangu siku hiyo Sungura asiuze ardhi yoyote kabla ya kulala juu yake masika mazima. Sungura akatoka mvuani, masikio yamelala.

Fisi alibanana na wanawe. "Mama watoto, ningetuua."

"Ungetuua," Bi Fisi alisema, akamsogezea mtoto mdogo ampashe joto.

Basi anayetafuta nyumba ya pili asiitoe ile inayomsitiri, na ardhi aliyoonyeshwa kiangazi aulize kwanza masika huwaje.