Kitabu Kilichozikwa

Wajukuu, tegeni sikio, kisa kinapita. Semeni, "Kipite kwetu."

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, katika nchi ya Wajerumani, paliishi mwalimu wa dini ya Kiyahudi, Rabi Anshel. Alifukuzwa mji wa kwanza, akaondoka na kitabu chake. Akafukuzwa wa pili, akaondoka na kitabu chake. Wa tatu, vilevile. Kilikuwa ufafanuzi wa Torati, alioandika kwa mkono wake miaka thelathini. Nakala ilikuwa moja tu, nayo imeota ukungu, kingo zimeliwa na panya. Mwenyewe naye, wanangu, hakuwa na hali bora kuliko kitabu.

Sasa, watu wale hawachomi wala hawatupi karatasi yenye jina la Mungu. Ikichakaa, huizika makaburini, kwa heshima, kama mtu. Lishikeni hilo.

Siku za kusafisha nyumba kabla ya Pasaka, mkewe Brendel alitoa kila kitu nje. Kopel, mtumishi wa sinagogi, akapita na gunia akikusanya karatasi chakavu. Asubuhi ile alikuwa anazikwa bibi mmoja mcha Mungu. Gunia likawekwa kaburini mwake, udongo ukarudishwa.

Adhuhuri Rabi akarudi. "Brendel, kitabu changu kiko wapi?"

"Pale kwenye benchi, mume wangu."

"Benchi naliona."

Kopel akaitwa. "Ulichukua nini hapa?"

"Makaratasi mabovu, Rabi."

"Hukuyasoma?"

"Mimi? Nilijua panya wameshayasoma yote!" Mara akaelewa. Akavua kofia. "Rabi, udongo bado laini. Niruhusu, nachimba sasa hivi."

Mngejibu nini, wajukuu? Rabi alikumbuka jambo. Mwaka uliopita mjane Frumet, ambaye mumewe alizikwa yeye akiwa safarini, alimwomba kaburi lifunguliwe auone uso wake mara moja tu. Rabi alimjibu, "Kaburi likishafunikwa halifunguliwi." Mjane akalia, akaenda zake.

Habari zilimfikia Frumet, akaja mwenyewe. "Chimbueni, Rabi. Mimi sitasema neno."

Rabi akakaa chini, taratibu, kama mtu anayetua mzigo. "Nimechoka, Frumet. Ningekukubalia wewe mwaka jana, leo ningechimba."

Kaburi halikuguswa. Brendel akamletea karatasi na wino. "Anza tena."

"Nina miaka sabini, Brendel!"

"Basi anza na unachokikumbuka."

Akaandika, akapumzika, akaandika. Karatasi kumi na moja, kisha mkono ukakataa. Ile ya kwanza haikuwa na ufafanuzi wowote. Ilisema: "Mjane aliniomba auone uso wa mumewe, nikamnyima. Sina hakika kama nilihukumu sawa."

Alimsomea Frumet mwenyewe. Frumet akasikiliza mpaka mwisho, akamwomba arudie.

Basi, wanangu, kabla hujamkatalia mtu, jiulize kama ungestahimili kukataliwa hivyo hivyo.

Kisa kimefika mwisho wake, nami nimechoka. Aliyekisikia akitunze.