Fisi Mwenye Bonde

Mwaka ule mvua ilikataa kunyesha, nyasi zikabaki katika bonde moja tu, mali ya Ndovu. Swala wote wakakimbilia huko. Sheria ya nchi ilijulikana: haruhusiwi mtu kuwinda katika ardhi ya mwenzake bila idhini yake. Na Ndovu alikuwa amekwenda mbali kutafuta maji.

Fisi, ambaye tumbo lake halijawahi kusema basi, akaketi mpakani na kutunisha kifua.

"Ndovu ameniachia bonde," alimwambia Chui. "Ruhusa natoa mimi. Kila windo, paja moja langu."

Chui akatoa paja. Mbwa Mwitu akatoa. Hata Bweha, aliyeambulia panya, alidaiwa paja la panya, na Fisi akalipokea bila haya.

Swala wakawa karibu kwisha. Waliosalia wakaenda kumlilia Sungura.

Siku chache baadaye mtoto wa Simba aliingia bondeni kuwinda, akatumbukia shimoni na kuvunjika mguu. Kama naye alikuwa na ruhusa, hakuna aliyethubutu kuuliza. Simba akanguruma: "Nileteeni mwenye bonde!"

"Nitamleta mimi, Mfalme," Sungura akasema, akatimua mbio.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Mfalme anamwita mwenye bonde. Sijui ni wewe, au nimsubiri Ndovu?"

"Kuna nini huko?"

"Mimi mjumbe tu. Ila barazani nyama imejaa tele."

Mate yakamchuruzika Fisi. "Ndovu nani? Bonde ni langu!"

Barazani alikuta wanyama wamejaa, wote wazima. Simba akamuuliza, "Bonde ni la nani?"

"Langu, Mfalme! Tangu enzi za babu yangu."

"Vizuri. Basi na shimo lililomvunja mwanangu mguu ni lako."

Fisi akameza mate. "Shimo? Aa, Mfalme, bonde ni la Ndovu! Mimi sina hata shubiri moja!"

Chui akainuka polepole. "Kumbe huna? Na mapaja yetu ulikula kwa idhini ya nani?"

Kofi la Simba lilimlaza Fisi chali, na alipoinuka, Chui na Mbwa Mwitu walimkimbiza mpaka nchi ya mawe matupu, akajilambie huko. Bondeni hapakuwa tena na wa kutoa ruhusa, na swala wakala nyasi kwa amani hadi Ndovu aliporudi.

Njia ya mwongo ni fupi.