Gari la Mzee Shemhilu

Isome mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzako. Najua tabia zetu: tunatuma kwanza, tunasoma baadaye, na wengine hatusomi kabisa.

Mjini Korogwe aliishi fundi seremala mmoja, Mzee Shemhilu, na mkewe Bi. Mwanahawa. Sebuleni kwao ilining'inia picha ya harusi yao, nyeusi na nyeupe, katika fremu aliyoichonga mzee mwenyewe. Bwana harusi amesimama kidete, kiwiko cha kulia juu ya boneti ya gari. Bibi harusi yuko kushoto kwake, kanuna kama maharusi wote wa zamani, maana kucheka mbele ya kamera ilikuwa kukosa adabu.

Gari lenyewe halikuonekana vizuri. Shela ilifunika taa, na suruali pana ya bwana harusi ilifunika namba. Hata hivyo watoto wao walikua wakijivunia gari hilo. Hoza, mtoto wa kwanza, akigombana na wenzake shuleni alikuwa na neno moja la kuwanyamazisha wote: "Baba yangu alioa na gari!"

Miaka ikaenda. Mzee Shemhilu akaanza kusahau. Alisahau alipoweka randa na misumari, akasahau majina ya majirani, hatimaye akamsahau na Bi. Mwanahawa. Kila akiletewa chai aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu za mgeni.

"Asante sana, mama. Mungu akubariki. Hivi kwenu ni wapi?"

"Kwetu ni hapa hapa, baba Hoza," alijibu Bi. Mwanahawa. Kisha alikwenda jikoni kulia kidogo, akarudi na sukari.

Nesi wa kliniki akamshauri Hoza. "Mtu anaweza kusahau ya jana na ya ujanani akabaki nayo. Mleteeni vitu vyake vya zamani avione, avishike. Huenda akakumbuka kidogo."

Hoza hakuwaza mara mbili. "Gari!" alimwambia dada yake, Mkunde. "Tukimletea gari lake la harusi, baba atamkumbuka mama."

Sawa, gari. Lakini gari gani? Hapo ndipo ukoo mzima ulipogawanyika. Picha ilitumwa kwenye kundi la ukoo, na baba mdogo Kaniki, aliyeko Muheza, akaapa kwamba ile ni Morris. Mkunde akasema ni Volkswagen.

"Volkswagen injini yake iko nyuma, mwanangu," baba mdogo alimjibu. "Unataka kusema kaka yangu alipiga picha ya harusi kaegemea buti?"

Mkunde akatoka kwenye kundi. Akarudishwa. Akatoka tena. Mwishowe ikaamuliwa kila mtu aje Korogwe aitazame picha kwa macho yake. Nyumba ikajaa watu, wakala bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki, na fremu ikazunguka kutoka mkono hadi mkono.

"Mama, wewe ulikuwepo," Hoza alisema. "Hili lilikuwa gari gani?"

"Sijui, mwanangu. Siku ile mimi sikuwa natazama gari."

Wakacheka, wakaendelea kubishana. Ndipo Mkunde alipoonyesha kitu kidogo kinachong'aa pembeni ya shela. Tangu utotoni wote walidhani ni pini ya bibi harusi.

"Mama, pini hii unayo bado?"

"Pini ipi? Mimi sikuvaa pini."

Mkunde akaipiga picha kwa simu, akaikuza. Hakikuwa pini hata kidogo. Kilikuwa kichwa cha simba, pambo la boneti za Peugeot za zamani. Baba mdogo Kaniki akasema, "Si nilisema tangu mwanzo ni gari la Kizungu?"

Waliulizia huku na kule mpaka wakaelekezwa kwa Bwana Nassoro wa Tanga mjini, aliyekuwa na Peugeot ya namna hiyo hiyo, kaitunza kama yai. Aliposikia kisa cha mzee, alisema ataileta mwenyewe Jumapili.

Jumapili gari likaingia uani linametameta. Mzee Shemhilu alitolewa nje amevaa kanzu safi. Hoza alikuwa amemshika baba yake mkono.

"Baba, gari lako hili."

Mzee alilizunguka polepole, akalitazama kwa heshima. "Gari zuri sana. La nani?"

"Lako, baba. La harusi yako."

"Langu?" Mzee akacheka. "Kijana, mimi ni fundi seremala. Sijawahi kuwa na gari maishani."

Hoza aliachia mkono wa baba yake, akaenda kukaa kizingitini. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini siku hiyo alitamani kulia kama mtoto. Hakuumia kwa ajili ya gari. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba baba atamkumbuka, na sasa hakujua amwambie nini.

Mzee yeye hakuwa na habari. Alifunga kifungo cha shingo, akasogea kwenye boneti, akawageukia watu. Kisha akainua kiwiko cha kulia.

Mkunde ndiye aliyeona kwanza. Kiwiko hakikugusa gari. Kilikaa hewani, upana wa kiganja juu ya boneti. Alikimbia ndani, akashusha fremu ukutani, akatazama. Hata kwenye picha kiwiko kilikuwa hewani! Walikuwa wameitazama picha ile maisha yao yote.

Na kushoto kwake mzee alikuwa ameacha nafasi ya mtu mmoja. Alikuwa akiitazama ile nafasi, anasubiri.

Bi. Mwanahawa akatoka jikoni akifuta mikono kwa khanga, akaenda kusimama pale. Akanyoosha mkono ajishikilie kwenye gari.

"Mwanahawa!" mzee alinong'ona kwa hofu. "Usiguse rangi! Mwenyewe yule pale anatutazama."

Bi. Mwanahawa alianza kucheka na kulia kwa pamoja, mkono ukiwa bado hewani. "Siigusi, Shemhilu," alisema. "Siigusi."

"Shikeni tu, mzee," Bwana Nassoro aliita, machozi yakimlenga. "Nimeruhusu."

"Asante, bwana, tusije tukakukwaruzia," mzee alijibu, na kiwiko kikabaki palepale.

Baadaye Bi. Mwanahawa aliwaeleza. Siku ya harusi walitembea kwa miguu mpaka studio. Siku zile picha bila gari haikuwa picha, na nje kulikuwa na gari la mnunuzi mmoja wa mkonge. Baba yao alimwomba. Yule bwana akasema, "Pigeni, ila atakayegusa rangi yangu ataipaka upya."

"Sasa mama, mbona hukutuambia muda wote huu?" Hoza aliuliza.

"Ningewaambia, mngekuja wote?"

Baba mdogo Kaniki akajifanya anatafuta miwani.

Jioni, gari lilipokwisha kuondoka, Bi. Mwanahawa alileta chai. Mzee akaipokea kwa mikono miwili.

"Asante sana, mama. Hivi kwenu ni wapi?"

Safari hii hakwenda jikoni. Alikaa karibu yake, akaonyesha kidole ukutani kwenye picha.

"Kwetu ni pale, baba Hoza. Kushoto kwako."

Mzee aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akasogea kidogo kwenye kochi, akamwachia nafasi.

Funzo: Gari la kwenye picha huenda liliazimwa, lakini aliyesimama kando yako hakuazimwa. Ukifungua albamu, mtazame yeye kwanza. Na kama bado yuko hai, usisubiri gari ndipo uende kumwona.